Dakika za Mwisho za Upande B

Nimefunga duka. Sikufilisika, asiseme mtu. Sikio la kushoto limeanza kupiga filimbi lenyewe, kuanzia asubuhi hadi nalala, na fundi wa sauti mwenye sikio la namna hiyo anapaswa kushuka kwenye kiti kabla hajashushwa. Mashine nimezifunika kwa kanga za marehemu mke wangu. Ninyi vijana wa studio za Nkende na Nyamongo, mnaorekodi wimbo mzima bila kugusa kanda hata moja, mmekuwa mkiniambia, "Mzee Diploma, andika." Basi naandika. Sitasema nilipata nini kwa kazi hii. Nyumba yangu inaonekana kutoka barabarani, mwenye macho ataiona.

Nilitoka Nyarero nikiwa na ndala za tairi na nikarudi na stashahada ya elektroniki. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nilivuka Sirari kwa miguu, nikabeba mizigo Nairobi mchana na kusoma jioni, na siku niliyokabidhiwa cheti kile nilikibusu mbele ya watu. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu pekee kati ya Tarime na Mugumu aliyeweza kufungua mashine ya kunasa sauti, kuitandaza mezani kama samaki aliyepasuliwa, kisha kuirudisha ikiimba vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Mkipata wa kubisha mleteni, bado nina bisibisi.

Kazi yenyewe nilifundishwa na fundi mmoja wa Nairobi aliyeitwa Ouma, Mjaluo mnene mwenye vidole ambavyo usingedhani vingeweza kushika skrubu ndogo. Siku ya kwanza alinipa pamba na chupa ya spiriti, akasema nisafishe vichwa vya mashine zote za studio, vile vyuma vinavyogusana na kanda. Siku ya pili vilevile. Wiki nzima nilisafisha vichwa, mimi na stashahada yangu. Wiki ya pili akanipa hedifoni, akanikalisha nyuma ya kioo, kwaya ikaimba. Walipomaliza akaniuliza, "Wameimba nini?"

Nikamwambia sauti ilikuwa safi, sindano za kupimia sauti hazikugusa sehemu nyekundu.

"Wee Mkuria, sijakuuliza habari ya sindano. Sindano inakuambia sauti ni kubwa ama ni ndogo. Mtu amesema nini, haijui."

Nililiandika hilo kwenye daftari. Daftari ninalo hadi leo, mwandiko mzuri sana.

Ni Ouma huyohuyo aliyenipa ugonjwa wa roki. Jumamosi mchana, wateja wakiisha, alikuwa anaweka kanda za bendi za ng'ambo, magitaa yanayonguruma hadi kioo cha studio kinatetemeka, na mwimbaji anayepiga kelele kama mtu aliyefungiwa stoo. Mara ya kwanza nilidhani mashine imeharibika, nikainuka kuizima. Mara ya tatu nilikuwa nimefumba macho. Sijui kuwaeleza. Mimi nimekulia kwenye litungu, gitaa letu la nyuzi nane, ambalo mpigaji huanza taratibu na kuendelea taratibu na kumaliza wakati watu wameshapata wanachokitaka. Roki haikuuliza mtu anataka nini. Nilijiona ndani yake. Kijana aliyetoka Nyarero peke yake anahitaji muziki unaomwambia kwamba hakukosea kuondoka.

Nikaanza kukusanya. Watu wengine hukusanya stempu, wengine hufuga njiwa. Hobi yangu mimi ilikuwa kanda za roki, na ndani ya hobi hiyo nilikuwa na hobi ndogo zaidi ambayo hata Ouma alinicheka: albamu za Krismasi za bendi za roki. Zipo, tena nyingi kuliko mnavyodhani. Bendi inapiga kelele miaka kumi, inavunja magitaa jukwaani, inawatisha wazazi wa watu, halafu siku moja wanavaa masweta na kuimba habari za theluji na kengele kama watoto wa shule ya Jumapili. Wengi huona ni biashara tu. Mimi naona hapo ndipo mwanamuziki anapoonyesha alilelewa na nani. Anaimba wimbo ambao mama yake aliujua, na hata akitia gitaa la namna gani juu yake, yule mama bado anasikika. Nilikuwa na maoni mengi ya aina hiyo, na hakuna aliyewahi kuniomba hata moja.

Nilirudi nyumbani wakati dhahabu ya Nyamongo imepamba moto, kabla kampuni ya mgodi haijaweka uzio. Sikwenda kuchimba. Watu wote walikuwa wanatazama chini, mimi nikatazama watu. Mchimbaji akipata anataka mambo matatu: bia, nyama na muziki, na la tatu halikuwa na mtaalamu. Nikajenga chumba cha mabati karibu na soko, nikaweka mashine mbili za kunakili, jenereta nyuma, kreti za soda za wateja kukalia, na juu ya mlango nikaandika kwa rangi nyekundu: STUDIO YA KISASA, FUNDI MWENYE DIPLOMA. Tangu siku hiyo jina langu la Chacha likafa. Hata mama yangu mzazi alikuja kuniita Diploma.

Siku ya kwanza nilifungua kwa roki, spika mbili nje. Wachimbaji watatu walisimama, vumbi la mawe limewafanya weupe hadi kope.

"Mura, hilo karasha lako linasaga mawe ya nani?"

"Huu ni muziki."

"Muziki? Basi zima kwanza tusikie kama upo."

Nikaweka rumba, duka likajaa. Roki ikawa yangu mwenyewe, kwenye hedifoni.

Vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ndilo lililokuwa adui wa kwanza. Lilikuwa linaingia hata kwenye kanda ambayo haijafunguliwa. Nilisafisha vichwa kila baada ya kanda tano, nikatundika shuka lenye maji mlangoni. Umeme wa jenereta ukipanda na kushuka, wimbo nao unalewa na kulevuka. Hayo niliyashinda yote. Kanda tupu nilikuwa naletewa na Rajabu, mfanyabiashara wa Tarime mjini, mtu wa swala tano na utani mwingi, aliyekuwa anazitoa upande wa Kenya. Na kuna jambo moja dogo ambalo ninyi hamlijui, nawaeleza kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande. Ukishanasa kitu usichotaka kifutwe, unavivunja kwa bisibisi. Mashine ikikuta tundu badala ya kijino, inakataa kurekodi. Lakini ukibandika kipande cha selotepu juu ya tundu, mashine inadanganyika na kurekodi tena juu ya kilichokuwapo. Yaani ulinzi wote wa kanda unazidiwa nguvu na selotepu yenye ukubwa wa ukucha.

Nyamongo ya wakati ule ilikuwa na desturi yake ya Krismasi. Mchimbaji aliyeshindwa kwenda kwao, kwa sababu shimo limekaribia kutoa au kwa sababu anaona aibu kwenda mikono mitupu, alikuwa anatuma kanda. Upande A nyimbo, upande B anasema na watu wake. Anawasalimu kwa majina, anaulizia ng'ombe, anaagiza mambo. Kanda inapita Sirari mfukoni mwa mtu, siku ya Krismasi ukoo mzima unakaa kuizunguka redio. Niliita hizo albamu zangu za Krismasi. Nilinasa nyingi sana, na ilikuwa kazi ya maana, ingawa wakati ule niliiona kama kazi ya kuniwekea mafuta kwenye jenereta.

Marwa alikuja mwezi wa kumi na mbili, alasiri, mvua ikiwa imetoka kukatika. Alikuwa mchimbaji, na alikuwa mpigaji wa litungu mwenye jina. Alikuja na litungu lake begani na mke wake Ghati nyuma, mwanamke mrefu asiyesema sana. Nilimfahamu tangu Nyarero, kwao ni kilima cha pili kutoka kwetu. Walikuwa na binti wawili, Robi na mdogo wake, na hawakuwa na mtoto wa kiume. Ndugu zake Marwa walikuwa ng'ambo ya Isebania, upande wa Kenya, mkubwa wao akiitwa Nyamhanga.

"Diploma," akasema Marwa, "nataka kanda mbili zinazofanana. Moja iende kwa Nyamhanga, moja akae nayo huyu."

"Kwa nini usiandike barua? Mke wako anasoma."

"Barua watasema si mimi niliyeandika. Sauti yangu wataikataaje?"

Ghati akakaa kwenye kreti ya soda. Niliweka maiki, nikapima nyuzi, nikapima koo lake, nikarekebisha. Nikavaa hedifoni, nikampa ishara.

Sasa sikilizeni. Asubuhi ile nilikuwa nimepokea kanda kutoka Nairobi, albamu ya Krismasi ya bendi ambayo nilikuwa nimeitafuta miaka miwili. Ilikuwa kwenye mashine ya pili. Nikachomeka hedifoni kwenye mashine ya pili. Niliwaza: huyu ni mtu wa litungu, nyimbo zake nazijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama, sindano ziko sawa, mimi ni fundi, macho yanatosha. Kwa hiyo Marwa alipiga na kuimba upande A wote, tukageuza, akaweka litungu chini na kusema na ndugu zake upande B, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka mdomoni kwake nikisikiliza magitaa na kengele za theluji. Ilikuwa albamu nzuri mno. Nilikuwa natikisa kichwa.

Alipomaliza nilivunja vijino vyote viwili mbele yake, kwa fahari, ili aone kwamba kazi ya mwenye diploma ni ya kudumu.

"Sasa hakuna anayeweza kuyafuta," nikamwambia.

Kanda tupu za kunakilia zilikuwa zimeisha. Nikamwambia aniachie ile, Rajabu akileta mzigo nitatoa nakala mbili. Rajabu akaja Alhamisi, mikono mitupu.

"Kanda hakuna, Diploma. Krismasi yenu imezila zote. Hata za mahubiri nimetafuta, sijapata."

"Wewe Mwislamu, mambo ya Krismasi yanakuhusu nini?"

"Yananihusu sana. Kama si Krismasi yenu, mimi nitakula Idi na nini?"

Kesho yake akaingia Mama Akinyi, mwenye baa, Mjaluo kutoka Shirati. Alikuwa amepita nje nikiwa nimeacha spika wazi kwa bahati mbaya.

"Diploma, hiyo nyimbo ya magitaa yenye kengele. Ni ya Krismasi?"

"Ni ya Krismasi."

"Nitolee. Wateja wamechoka na kwaya, wanataka kitu cha kuwaamsha."

Nilikuwa nimefanya kazi Nyamongo muda mrefu na huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniomba roki. Wa kwanza na, niseme sasa hivi, wa mwisho. Niliangalia rafu. Upande wa kulia kanda zangu za roki, zimepangwa kwa herufi, hakuna hata moja ambayo ningeweza kuitoa. Upande wa kushoto kanda za watu. Mkono ukaenda kushoto. Nilijiambia: Marwa yupo hapo shimoni, nusu saa kwa miguu, koo lake analo. Akija nitamwambia ilimezwa na mashine, atarudia, pengine atapiga vizuri zaidi. Nikabandika selotepu. Albamu ikajaza upande A, ikaingia upande B, ikaisha. Mama Akinyi akaondoka nayo anacheza mlangoni.

Siku ya pili yake shimo likashuka. Mvua ilikuwa imelainisha ukingo. Walikuwa wanne ndani, wakatolewa wawili. Marwa hakuwa mmoja wa hao wawili.

Nilienda kwenye maziko Nyarero, nikasimama mbali. Litungu lake waliliegemeza ukutani na hakuna aliyelipiga. Baada ya wiki Ghati alikuja dukani, bado ana matope ya barabara miguuni, akakaa kwenye kreti ileile.

"Diploma, nipe kanda."

Akanieleza alichosema Marwa upande B, kana kwamba ananikumbusha tu. Robi alikuwa ameshaolewa na mahari yake iko zizini. Marwa alikuwa amewaambia ndugu zake kwamba ng'ombe wale wasiguswe na mtu. Kwamba wakati ukifika, Ghati awatumie kuoa mwanamke wa kuingia kwenye nyumba yake, nyumba ntobhu kama tunavyoita, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba ya Marwa, na mji wake wa Nyarero, boma na shamba, ubaki wa Ghati na watoto hao. Wakurya wote mnaijua desturi hii, na mnajua kwamba mama asiye na mtoto wa kiume, bila neno la mumewe, wenye nguvu humzunguka. Nyamhanga alikuwa ameshafika. Alikuwa ameshaanza kuhesabu ng'ombe kwa macho.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Yeye kwenye kreti, mimi mezani, hatua moja katikati yetu. Nikasema, "Mama Robi, kanda aliichukua mwenyewe. Siku mbili kabla."

"Hakuichukua. Angenipa."

"Labda alishuka nayo shimoni."

Akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Haidhuru. Wewe ulisikia. Ulikuwa umevaa vile vya masikioni, na ulikuwa unatikisa kichwa, unakubali. Utakuja kusema."

Baraza la wazee lilikaa Nyarero chini ya jua la saa nne, wazee kwenye viti, sisi kwenye majani. Nikatoa shikamoo mstari mzima. Ghati alisimama akaeleza, neno kwa neno, bila kulia. Nyamhanga akasimama, akasema yeye hakupata kanda yoyote, na mwanamke anayetaka ng'ombe anaweza kutunga wimbo mrefu kuliko huo. Watu wakacheka kidogo. Mzee aliyekuwa anaongoza akaniita.

"Chacha mwanangu. Wewe ndiye msomi wetu. Ulimnasa Marwa?"

"Nilimnasa, baba."

"Alisema nini?"

Nimekifikiria kipande hicho cha maisha yangu zaidi ya kingine chochote. Ningeweza kusema, "Alisema kama Ghati alivyosema." Ungekuwa uongo wenye ukweli ndani, na ng'ombe wangebaki. Ningeweza pia kusema ukweli mzima, kwamba sikusikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza muziki wangu, na kwamba kanda niliifuta mwenyewe. Wazee wangenikasirikia, lakini wangejua kanda ilikuwapo na ilikuwa na maneno, na wangemwamini Ghati. Ila basi ile rangi nyekundu juu ya mlango wangu ingekuwa imekwisha. Nikasema:

"Baba, sisi mafundi wa kisasa hatusikilizi maneno ya watu. Tunaangalia sindano."

Baraza likacheka, na safari hii cheko lilikuwa la heshima, la kumcheka msomi wao. Yule mzee akatabasamu.

"Na kanda iko wapi?"

"Aliichukua mwenyewe."

"Mnaona?" akasema Nyamhanga.

Ghati alikuwa bado amesimama. "Diploma," akasema, "nilikuwa nimekaa kwenye kreti yako." Akakaa chini.

Ng'ombe walivuka Isebania kabla ya mvua kubwa. Kwenye mji wa Marwa akawekwa mtoto wa Nyamhanga. Ghati aliambiwa arithiwe au aondoke, akaondoka. Binti mdogo akaachishwa shule akaolewa mapema, mbali, upande wa Serengeti, kwa mtu ambaye mama yake hakumchagua. Habari hizo nilizipata kipande kipande, kwa wateja, nikiwa nazungusha kanda zao kwa kalamu.

Ilipita karibu mwaka ndipo Mama Akinyi akaniambia, akicheka, nikiwa baani kwake nakunywa soda: "Diploma, ile kanda yako ya magitaa, mwishoni ulisahau kitu. Kuna mtu anaongea Kikurya. Mimi sisikii Kikurya, lakini wateja walinyamaza wote wakamsikiliza."

Soda ilinishinda. Fundi mwenye diploma alikuwa amesahau hesabu ya mtoto wa darasa la tatu: albamu ilikuwa fupi kuliko kanda. Sikufuta hadi mwisho. Dakika za mwisho za upande B zilibaki kama Marwa alivyoziacha.

"Iko wapi?"

"Iliibwa. Mchimbaji mmoja aliipenda. Siku ileile ya Krismasi."

"Mchimbaji gani?"

"Baba, hapa ni Nyamongo. Nikuonyeshe yupi?"

Baadaye uzio ukaja, wachimbaji wakatawanyika, Geita, Kahama, Migori, kila mmoja na begi lake, nami nikahamishia duka Nkende, Tarime mjini. Ndani ya begi moja kulikuwa na kanda yenye selotepu mgongoni.

Ninyi mmenikuta katika miaka iliyofuata, miaka ya sidii, kisha ya fleshi, kisha ya simu, ambapo kila mtu akawa na studio mfukoni. Nilijifunza vyote kwa kujisomea, sikuachwa nyuma na chochote. Mmenisifu kwa hobi yangu. Kijana mmoja wenu hata alinipiga picha mbele ya rafu zangu akaandika kwamba mimi ndiye mkusanyaji mkubwa wa kanda za Krismasi Kanda ya Ziwa. Ni kweli, ninazo nyingi kuliko mtu yeyote. Nimezinunua minadani, Sirari, Mugumu, Migori, kwenye mafurushi ya wajane, kwenye vioski vya mafundi redio. Mliniona nazisikiliza, mkadhani nazipenda. Sijasikiliza wimbo hata mmoja. Nikipata kanda naigeuza mgongo kutafuta selotepu, kisha naizungusha hadi mwisho wa upande B, nasikiliza dakika za mwisho, naitoa. Hobi yangu yote ni hiyo. Roki yenyewe iliniisha zamani. Magitaa yakianza nasikia kengele, na kengele zikianza namwona mtu anafungua mdomo mbele ya maiki na sauti haitoki.

Mkikosea mnaporekodi, kompyuta zenu zina kitufe cha kurudisha. Ndiyo maana nyinyi ni wapole. Mimi sina cha kuwafundisha hapo.

Wiki iliyofuata baada ya kufunga duka nilienda kwa Ghati. Miaka yote hii anakaa hapahapa Nkende, mitaa minne kutoka kwangu, anauza ndizi mbivu mbele ya chumba cha kupanga. Nilikuwa napita njia nyingine. Amezeeka, lakini urefu ule bado anao hata akiwa amekaa. Nikasema shikamoo ingawa hatupishani sana kwa umri.

"Marahaba. Ndizi?"

"Mama Robi, ni mimi. Diploma."

"Nakuona. Sijawa kipofu."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, hedifoni, Mama Akinyi, selotepu, baraza, dakika za mwisho. Nikamweleza ninavyotafuta, kanda ngapi nimekwisha kuzigeuza. Aliendelea kutenganisha ndizi zilizoiva na zilizopasuka. Nikamwambia sijakata tamaa, mafurushi bado yapo, siku moja nitaipata.

"Ukiipata utampigia nani?"

Akatupa kando ndizi moja iliyopasuka.

"Wazee wa baraza lile wako wapi?"

"Wamekufa."

"Nyamhanga?"

"Amekufa pia."

"Kanda ilikuwa ya hao. Mimi maneno yake niliyasikia siku ileile, ninayo."

Akaja mteja, msichana wa shule, akachagua ndizi, akaondoka. Nilikuwa sijui tena nimekuja kufanya nini. Habari ya ng'ombe na nyumba nilikuwa naijua, kijiji kizima kilikuwa kinaijua. Lakini maneno yenyewe, alivyoanza, alimtaja nani kwanza, alicheka au hakucheka, nilikuwa nimeyatafuta nusu ya maisha yangu kwenye mikia ya kanda za watu, na yule aliyekuwa nayo alikuwa amekaa mbele yangu na kisu cha ndizi. Nikamwomba. Nilimwomba kwa Kikurya, ambacho si kawaida yangu mjini. Nikasema, mama, niambie tu, Marwa alisemaje siku ile.

Aliweka kisu chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Si ulikuwepo?" akasema.